Kimeng'enya chenye mashtaka mawili: kisa cha TG2 na ugonjwa wa seliaki

Mtu akishapimwa seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, karatasi ya majibu huja na herufi chache tu, tTG-IgA, na mbele yake namba. Namba ikiwa juu sana na vipimo vingine vikikubaliana nayo, anaambiwa aachane na ngano maisha yake yote. Wengi hudhani maabara imekuta ngano ndani ya damu yao, au imepima mzio wa ngano. Sivyo. Kilichopimwa ni kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi ya kimeng'enya chake wenyewe, transglutaminesi 2, kwa kifupi TG2. Kimeng'enya hiki hakisagi chakula. Kimo kwenye ini, kwenye kuta za mishipa ya damu na kwenye tishu unganishi za mwili mzima, kwa anayekula mkate kila asubuhi na kwa yule ambaye hajawahi kuuonja.

Inakuwaje basi chakula ndicho kilete ugonjwa, halafu kinga ya mwili ikimbilie kushambulia kimeng'enya kisichokuwa na ugomvi wowote na chakula hicho? Hicho ndicho kisa ninachokichambua hapa, tangu kilipofumuka Berlin mwaka 1997 hadi majaribio ya dawa ya miaka ya karibuni. Niseme mapema ninaposimama. TG2 kimebebeshwa mashtaka mawili, na maandishi mengi ya mtandaoni huyafanya kuwa moja. La kwanza ni kwamba kimeng'enya hiki huigeuza gluteni, protini ya ngano, ikawa kali zaidi machoni pa kinga. Hilo lina ushahidi wa kutosha. La pili ni kwamba kingamwili dhidi ya TG2 ndizo zinazoubomoa utumbo. Hilo bado, na kwa ninavyousoma ushahidi, huenda lisithibitike kamwe kwa namna linavyosemwa.

Kabla ya Berlin

Mwaka 1888 daktari wa London, Samuel Gee, alichapisha maelezo ya watoto waliokuwa wakiharisha kinyesi kingi, cheupe na chenye kunuka, matumbo yamefura na miili imekonda. Aliandika kwamba kama kupona kupo, kutatokana na chakula. Alilenga vizuri, ila hakujua ni chakula kipi. Miaka ya 1920 Sidney Haas wa New York akawalisha watoto wa aina hiyo ndizi, wengi wakapata nafuu, na ndizi ikajizolea sifa ya dawa. Sifa haikuwa yake. Watoto walipata nafuu kwa sababu ya kilichoondolewa sahanini.

Aliyelifikia jibu ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930, na katika majira ya njaa ya 1944 hadi 1945, nchi ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani na mkate hauonekani, shaka yake ilipata nguvu. Tasnifu yake aliiwasilisha Utrecht mwaka 1950. Yeye na wenzake walipima mafuta kwenye kinyesi cha watoto, wakiwapa ngano na wakiwanyima, mpaka kosa likaangukia gluteni, yaani protini ya ngano, ambayo ina ndugu zake kwenye shayiri na rai.

Ukitaka kuiona gluteni kwa macho yako, kanda donge dogo la unga wa ngano kama unayetaka kupika chapati, liache litulie kidogo, kisha lifinyefinye taratibu chini ya bomba. Maji hutoka meupe, huo ni wanga unaoondoka. Endelea mpaka yatoke safi. Mkononi utabaki na gundi laini ya kijivujivu, inavutika bila kukatika. Hiyo ndiyo gluteni, na ndiyo inayoifanya chapati ikubali kusukumwa bila kuchanika. Jaribu hivyo hivyo na unga wa mahindi, hutabaki na kitu. Wote utashuka na maji.

Gundi hiyo ina tabia moja ya kikemia ambayo kisa chote kinaizunguka. Gliadini, sehemu mojawapo ya gluteni, takribani theluthi ya asidi amino zake ni glutamini, na zaidi ya hapo imejaa prolini. Prolini huvishinda vimeng'enya vya tumbo, kwa hiyo vipande virefu vya gliadini hufika utumbo mwembamba bila kukatwakatwa. Mwaka 2002 kundi la Chaitan Khosla wa Stanford lilionyesha kipande kimoja cha asidi amino 33 kinachovuka mikiki yote ya usagaji kikiwa kizima. Kipande hicho kina sehemu kadhaa ambazo seli T za wagonjwa, aina mojawapo ya seli za kinga, huzitambua.

Kufikia miaka ya 1980 mambo mawili yalikuwa wazi. Ugonjwa una ukoo: karibu wagonjwa wote wana jeni za kinga ziitwazo HLA-DQ2 au HLA-DQ8. Na una kingamwili. Jijini Warsaw, kundi la Tadeusz Chorzelski, wataalamu wa ngozi, liligundua kwamba IgA za wagonjwa, aina mojawapo ya kingamwili, hung'ang'ania tishu nyembamba inayozunguka nyuzi za misuli laini. Kipimo chake kilikuwa kazi ya macho. Kipande chembamba cha umio la nyani huwekwa kwenye kioo, hudondoshewa seramu ya mgonjwa, kisha rangi inayong'aa. Chini ya hadubini, kama kingamwili zipo, kila uzi wa msuli huonekana umezungushiwa mstari wa kijani, na mistari yote inaungana kuwa wavu. Mtu asiye na seliaki, wavu hauonekani. Kipimo hicho kilikuwa sahihi mno, lakini hakuna aliyejua kingamwili zinashika nini pale. Walikijua kitanzi, hawakumjua aliyenaswa.

Julai 1997

Detlef Schuppan na wenzake wa Chuo Kikuu Huria cha Berlin, Walburga Dieterich akiwa mwandishi wa kwanza, walitafuta jina la kinachonaswa. Walichukua seli za saratani ya tishu unganishi zilizokuwa zikioteshwa maabara, wakazichanganya na seramu za wagonjwa, wakaangalia ni protini gani IgA inaivuta. Ilitoka moja tu ya maana, yenye uzito wa takribani kilodaltoni 85. Walipoisoma mpangilio wake, wakakuta si protini mpya hata kidogo. Ilikuwa transglutaminesi ya tishu, kimeng'enya ambacho Heinrich Waelsch na wenzake walikwisha kukieleza miaka 40 nyuma kutoka kwenye ini la simbilisi.

Nalipenda jaribio lao la uthibitisho kuliko ugunduzi wenyewe. Waliitanguliza TG2 kwenye seramu ya mgonjwa, ikazishika kingamwili zote, kisha wakaidondosha seramu hiyo kwenye tishu. Ule wavu wa kijani ukafifia. Kama kingamwili zingekuwa zinashika protini nyingi tofauti, wavu ungebaki. Na katika makala hiyohiyo wakaeleza kwamba gliadini ni chakula kizuri mno cha TG2: glutamini zake ndizo hasa kimeng'enya hicho kinazozitafuta.

Kwa bahati, TG2 ya ini la simbilisi ilikuwa tayari inauzwa kwa maabara. Kwa hiyo kipimo kipya kikaenea haraka, bila nyani, bila hadubini, bila jicho la mtaalamu. Vipimo vya mwanzo vilikosea mara kwa mara kwa sababu ini la simbilisi lilikuja na uchafu wake. Vilipoanza kutumia TG2 ya binadamu vilinyooka. Ndiyo ile tTG-IgA ya kwenye karatasi.

Kwa watafiti, lakini, kazi ndiyo kwanza ilianza. Ugunduzi uliwapa mshukiwa bila kuwaambia amefanya nini. Mwaka huohuo kundi la Ludvig Sollid wa Oslo liliuliza kwa maandishi kama TG2 kina hatia yoyote, au kilikutwa tu mahali pabaya na kundi baya.

Shtaka la kwanza: kuigeuza gluteni

Kazi ya kila siku ya TG2 ni kushona protini. Hushika glutamini ya protini moja na kuiunga na lisini ya nyingine, kwa kifungo ambacho vimeng'enya vya kawaida vinavyokata protini havikifungui. Ndugu yake mmoja, faktori XIII, hufanya hivyo kwenye damu inayoganda ili donge lisivunjike. Lakini lisini ikikosekana, au asidi ikiongezeka kidogo, TG2 hutumia maji badala yake: hunyofoa amonia kwenye glutamini, nayo inageuka asidi ya glutamiki. Badiliko lenyewe ni dogo sana, kwenye mizani ni kama halipo. Kilichobadilika ni chaji: glutamini haina chaji, asidi ya glutamiki ina chaji hasi.

Hapo ndipo jeni za HLA zinapoingia. DQ2 na DQ8 ni molekuli zilizo juu ya seli za kinga, zenye mfereji ambamo vipande vya protini huwekwa ili seli T zivikague. Mfereji wa DQ2 una vishimo vinavyopenda chaji hasi. Gliadini ya kawaida huingia humo ikilegalega; iliyopitia TG2 hukaa barabara. Mwaka 1998 Øyvind Molberg na wenzake wa Oslo walionyesha kwamba seli T zilizotolewa kwenye utumbo wa wagonjwa huiitikia gliadini kwa nguvu zaidi ikiwa imepitia TG2 kwanza. Kundi la Leiden, Uholanzi, likafika mahali hapohapo mwaka huo. Baadaye ikabainika kwamba TG2 hakibahatishi: glutamini ikiwa imetengana na prolini kwa asidi amino moja, hubadilishwa, prolini ikiwa imeifuata papo hapo, huachwa. Kanuni hiyo peke yake inatabiri vizuri vipande vya gluteni ambavyo wagonjwa watavikataa.

Kwangu mimi hili ndilo fungu lenye nguvu kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu linaunganisha mambo matatu yaliyokuwa yakielea kila moja upande wake: kwa nini ngano, kwa nini jeni hizi, na kwa nini kimeng'enya hiki. Likiondolewa moja, mengine mawili hayana maelezo.

Linaacha hata hivyo pengo. Takribani watu 30 hadi 40 katika kila 100 wa asili ya Ulaya wana DQ2 au DQ8, wote wana TG2, na karibu wote wanakula ngano, ila wanaougua ni kama 1 katika 100. Kuna kitu kingine kinachowasha moto. TG2 yenyewe kwa kawaida imelala: ndani ya seli kalsiamu ni kidogo mno kukiamsha, na nje ya seli, ambako kalsiamu ipo tele, kimeng'enya hufungwa na oksijeni kikatulia. Mwaka 2017 kundi la Bana Jabri wa Chicago na Terence Dermody lilionyesha katika panya kwamba virusi vya reo, ambavyo kwa kawaida havimsumbui mtu, vinaweza kuuondoa uvumilivu wa kinga kwa gluteni na kukiamsha TG2. Ni panya, si binadamu, na si kila maambukizi. Lakini angalau tunaona jinsi kimeng'enya kilicholala kinavyoweza kuamshwa kwenye utumbo uliokuwa umetulia.

Mfano mwingine wa jinsi chakula na ukoo vinavyokutana uko hapahapa Afrika. Mwaka 1999 Carlo Catassi na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wa Kisahrawi, wengi wao wakiishi kwenye kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria. Kati ya watoto 990, asilimia 5.6 walikuwa na zile kingamwili za Warsaw, kiwango kilichozidi sana kile cha Ulaya. Watu ambao jeni za DQ2 zimejaa katika koo zao walikuwa wamebadili mlo ukawa wa mikate ya ngano, na unga wa msaada ukaongezea. TG2 yao haina tofauti na yangu wala yako.

Shtaka la pili: kingamwili zenyewe

Tukigeukia kingamwili, mambo yanakuwa magumu, na ndipo ninapotofautiana na wanaoandika kwamba "kinga hushambulia TG2 na kuuharibu utumbo" kana kwamba ni sentensi moja ya ukweli mmoja.

Swali la awali kabisa ni kwa nini kingamwili hizo zipo. Seli B haitengenezi kingamwili kwa wingi mpaka ipate ruhusa ya seli T. Ni seli T gani inayotoa ruhusa dhidi ya protini ya mwili wenyewe? Sollid na wenzake walipendekeza jibu ambalo mpaka leo sijaona lililo bora. TG2 inapoishika gliadini, mara nyingine hubaki imeshonana nayo. Seli B inayoitambua TG2 humeza vyote viwili, kisha huonyesha vipande vya gliadini kwenye DQ2 yake. Seli T ya gluteni, ambayo mgonjwa anazo tayari, huona gliadini na kutoa ruhusa. Ni sawa na abiria asiye na tiketi aliyeshikana mkono na mwenye tiketi: kondakta anaona tiketi moja, anawapitisha wote wawili. Seli T inayoichukia TG2 haihitajiki kabisa.

Dhana hiyo inaeleza jambo ambalo madaktari waliliona zamani: mgonjwa akiacha gluteni, kingamwili dhidi ya TG2 hupungua na mwishowe kwa wengi hutoweka, ingawa TG2 yenyewe haijaenda popote. Kingamwili za kweli dhidi ya mwili hazifanyi hivyo. Linganisha na vimeng'enya vingine viwili. Kisukari aina ya 1 kina kingamwili dhidi ya GAD, kimeng'enya kinachotengeneza GABA kwenye ubongo na kongosho. Ugonjwa wa Hashimoto wa tezi ya shingo una kingamwili dhidi ya peroksidesi ya tezi. Huko hakuna chakula cha kuondoa, na kichocheo chenyewe hakijajulikana. Seliaki ni tofauti kwa sababu tunamjua mchokozi, na tukimtoa mlangoni vita husimama. Magonjwa haya huenda pamoja pia; watoto wenye kisukari aina ya 1 hupata seliaki mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine, na sehemu ya sababu ni kwamba yanachangia jeni za HLA.

Lililobaki gumu ni mahali pa mkutano. Kama TG2 ya nje ya seli imelala, gliadini inashonwa nayo wapi? Kundi la Oslo limetoa ushahidi, mwaka 2020, kwamba kinachohusika huenda ni TG2 kutoka kwenye seli za ukuta wa utumbo zinazokufa na kumwagika ndani ya utumbo, mahali ambapo kalsiamu ni nyingi na gluteni inapita kila siku. Seli za utumbo hufa na kubadilishwa kila baada ya siku chache, hivyo malighafi haikosekani.

Sasa, zikishakuwepo, kingamwili hizo zinafanya nini? Zimekutwa zimetanda kwenye ukuta wa utumbo mapema, hata kabla vinyweleo, yale manyoya madogo ya ukuta wa utumbo yanayofyonza chakula, havijalala. Mwaka 2012 Roberto Di Niro na wenzake walikadiria kwamba kwa wastani takribani seli 10 katika kila 100 za zile zinazotengeneza kingamwili kwenye utumbo wa mgonjwa zinalenga TG2. Ni jeshi kubwa. Ukilitazama kwa haraka unaweza kusema: jeshi lipo, nyumba imebomoka, basi jeshi ndilo lililobomoa.

Lakini angalia upande wa pili. Wapo watu wenye kingamwili za TG2 kwa wingi, vinyweleo vyao vimesimama wima. Madaktari huwaita wenye seliaki tarajiwa, na baadhi hukaa hivyo miaka. Wapo waliobomoka utumbo na kingamwili za damuni hazionekani. Wapo wasiotengeneza IgA kabisa, ambao miongoni mwa wenye seliaki ni kama 2 hadi 3 katika 100, na bado wanaugua vilevile. Panya waliofanyiwa uhandisi ili wasiwe na TG2 hata kidogo huishi na kuzaa, kwa hiyo hata kama kingamwili zingekizuia kimeng'enya kufanya kazi, si dhahiri kwamba utumbo ungelala kwa hilo. Na uharibifu wa vinyweleo unaelezeka bila kingamwili: seli T za gluteni hutoa ishara za hatari, seli nyingine za kinga zilizomo ndani ya ukuta huamka, na ndizo zinazoziua seli za utumbo. Kundi la Jabri lilipotengeneza panya wenye DQ8 na ishara ya IL-15 kwa wingi, wakalishwa gluteni, vinyweleo vililala. Walipowapa kizuizi cha TG2, uharibifu ulizuilika. Hiyo ilikuwa 2020.

Msomaji mwerevu ataniuliza: je, hilo la panya si ushahidi wa shtaka la pili? Hapana, kwa sababu kizuizi cha TG2 hukata mashtaka yote mawili kwa mkupuo. Gluteni haigeuzwi, na wala haishonwi. Huwezi kujua kipi kilichookoa.

Ipo njia ya tatu, na naona ndiyo yenye kuvutia zaidi sasa. Seli B za TG2 zinaweza kuwa na madhara bila kingamwili zake kugusa chochote. Seli hizo, kama tulivyoona, huonyesha gliadini kwa seli T. Kwa jinsi zilivyo nyingi, zinaweza kuwa ndizo wapiga debe wakubwa wa seli T, zikilikuza tatizo kutoka dogo kuwa kubwa. Hapo TG2 ingekuwa na hatia ya pili kweli, ila kwa kosa tofauti na lile linaloandikwa. Ningekubali kushawishika siku mtu atakapowaondolea wagonjwa seli B hizo pekee, akaendelea kuwalisha gluteni, na kutuonyesha vinyweleo vyao.

Kuna pia wanaoleta transglutaminesi ya bakteria, ile inayotumika viwandani kugandisha vipande vya nyama na kuboresha unga. Inafanana na TG2 kwa kazi, si kwa umbo, na wapo watafiti waliopendekeza kwamba inaweza kuchochea seliaki. Ni dhana halali ya kupimwa. Wanaoiuza mtandaoni kama sababu iliyofichwa wamekimbia mbele ya ushahidi.

Dawa iliyolenga kimeng'enya

Njia nzuri ya kumpima mshukiwa ni kumzuia kisha ukaangalia kama uhalifu unaendelea. Mwaka 2021 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la dawa iitwayo ZED1227, inayokaba sehemu ya kazi ya TG2. Schuppan wa Berlin, sasa akiwa Mainz, alikuwa mbele tena. Watu wazima 163 wenye seliaki iliyotulia kwa mlo wao walipewa dawa kwa dozi ya miligramu 10, 50 au 100, au kidonge bandia, na kila siku wakala gramu 3 za gluteni kwa wiki 6. Gramu 3 ni chini ya gluteni iliyomo kwenye chapati moja ya kawaida. Waliopewa kidonge bandia, vinyweleo vyao vilipungua urefu. Waliopewa dawa, kwa dozi zote tatu, walilindwa kwa kiasi kikubwa. Dalili nazo zilielekea kuwa afadhali, hasa kwenye dozi ya juu, ingawa hapo matokeo hayakuwa na nguvu hiyohiyo.

Kwa shtaka la kwanza sioni tena pa kujificha. Zuia kimeng'enya, na gluteni ileile, kwa watu walewale walio hatarini, inapoteza sehemu kubwa ya ukali wake. Wiki 6 ni muda mfupi, na hakuna aliyesema wagonjwa warudi kwenye mkate. Kwa shtaka la pili, jaribio halisemi kitu, kwa sababu ileile niliyoieleza kwa panya.

Kwenye karatasi ya majibu

Kutenganisha mashtaka haya si starehe ya wasomi. Kunabadilisha jinsi ya kusoma kipimo.

Kwa kuwa kingamwili hutegemea gluteni, anayeacha ngano kwanza halafu akaenda kupima amejiondolea ushahidi. Naliona sana kwa watu wetu walioko Ulaya na Marekani, ambako mlo usio na gluteni ni mtindo: mtu anaacha mkate miezi kadhaa, anapima, anaambiwa hana kitu, na hakuna ajuaye kama ni kweli. Nyumbani Afrika Mashariki kosa huja kwa upande mwingine. Mtu anaweza kuwa anakula ugali wa mahindi, wali, muhogo na ndizi, vyote visivyo na gluteni, ila uji wa lishe wa mtoto umechanganywa ngano bila mama kuliwaza hilo, kwa hiyo gluteni inaingia kidogo kidogo na majibu yanakuwa ya kati na kati.

Kipimo cha IgA jumla lazima kiende pamoja na tTG-IgA. Asiyetengeneza IgA atapewa majibu safi ya uongo. Huyo hupimwa kwa IgG, aina nyingine ya kingamwili.

Kinyume chake, vinyweleo vilivyolala si ushahidi wa seliaki peke yake. Katika maeneo yenye maji machafu na vyoo duni, watoto wengi na watu wazima wana utumbo uliobanduka kwa vijidudu vya mara kwa mara. Watafiti wa Lusaka wameliandika hilo kwa muda mrefu. Hapo ndipo kingamwili za TG2 zina thamani yake, kwa sababu hazitoki kwa minyoo wala amiba kwa kiwango kile. Kwa watoto, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 unaruhusu kuacha kukata kinyama cha utumbo ikiwa tTG-IgA imezidi kikomo mara 10 au zaidi na kile kipimo cha wavu wa kijani, kwenye sampuli ya pili, kikikubaliana.

Na baada ya mlo kubadilishwa, namba kushuka si sawa na utumbo kupona. Kwa watu wazima hasa, kingamwili zinaweza kurudi kawaida huku vinyweleo bado vimelala kwa mwaka, miwili au zaidi. Kama kingamwili zingekuwa ndizo zinazobomoa, kushuka kwake kungetosha kuwa habari njema. Kwa kuwa sivyo, daktari anayemfuatilia mgonjwa mzima ambaye bado anaharisha au bado hana damu ya kutosha, akiwa na tTG-IgA safi mkononi, bado ana sababu ya kuomba kamera ishuke tena.